Prosesa Tatu Zilizolala

Kwa wiki saba mashine ilikuwa ikimgandia Kufuli mikononi. Hilo halikuwa jina lake. Walimbandika wenzake kazini, maana tangu akabidhiwe kazi ile hakuwa na mazungumzo mengine. Kampuni yao ndogo ilitengeneza mfumo endeshi wa kompyuta za maabara, na yeye alishughulikia kiini chake, ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kazi. Kila kompyuta mpya ilikuwa na prosesa nne, yaani bongo nne za kufanyia hesabu. Ukiwasha prosesa moja, mambo shwari. Ukiwasha zote, baada ya saa moja au siku nzima skrini inaganda, unabaki na mvumo wa feni tu.

Chanzo alikijua nusunusu. Kila prosesa ikitaka kugusa kitu cha wote, kwanza hukifunga kwa kufuli la programu ili wenzake wasikiguse. Sasa moja ilifunga orodha ya kazi ikisubiri kumbukumbu, nyingine imefunga kumbukumbu ikisubiri orodha ya kazi, na hakuna anayempisha mwenzake. Akayapanga upya makufuli yote arobaini na moja aliyoyajua. Wakaijaribu siku tano. Haikuganda hata mara moja.

Mkuu wa kampuni alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Ndiye aliyemfundisha kuandika programu utotoni, wakigombea kiti kimoja mbele ya kompyuta mbovu. Alimsimamisha mbele ya wafanyakazi wote. "Mdogo wangu huyu, jamani! Damu haijifichi!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kisha akamletea cheti cha ukaguzi, kinachosema mfumo umejaribiwa kwa prosesa nne. Kufuli akasaini papo hapo. Asomeje mara mbili, na karatasi kaletewa na kaka yake?

Mwezi uliofuata aliitwa maabara.

"Dada, sisemi kwa ubaya," alisema mtaalamu wa maabara, mwanamume mpole mwenye koti jeupe lililomzidi, "lakini hii mpya inajikokota kuliko ile tuliyoitoa. Sampuli za damu zinapanga foleni."

Kufuli akavuta kiti. Skrini iliandika: prosesa nne zinafanya kazi. Akafungua hesabu ya mapigo ya saa, ambayo kila prosesa hujiandikia ikiwa macho. Ya kwanza ilikuwa na mamilioni. Ya pili sifuri. Ya tatu sifuri, ya nne sifuri. Hazikuwahi kuamka.

Akapekua programu ya kuwashia mashine, akakuta mistari miwili asiyoijua. Mmoja uliziacha prosesa tatu zilale. Wa pili uliamuru skrini iandike nne, iwe isiwe. Pembeni palikuwa na jina la mwandishi na tarehe: kaka yake, siku moja kabla ya lile jaribio la siku tano. Kumbe alikuwa amepigiwa makofi kwa kazi ambayo haikujaribiwa kabisa.

Alimkuta ofisini, anaandika barua.

"Kaka, ile mistari miwili ya kuwashia mashine. Umeiandika wewe?"

Hakujifanya hajui. "Funga mlango."

"Umeiandika wewe?"

"Ilikuwa ya muda tu. Wateja walikuwa wananikaba koo. Ningeitoa ukishapata dawa."

"Si uliniambia nimeshaipata! Kwa nini hukunieleza?"

"Ningekueleza, usingesaini." Akaweka kalamu chini. "Na mimi nikisaini wananiuliza maswali. Wewe wanakuamini."

Kufuli akarudi mezani kwake, akafuta ile mistari, akawasha prosesa zote nne mchana kweupe, wenzake wakimtazama. Dakika kumi na nane, ikaganda. Wawili kati yao waliinamisha macho, akatambua kwamba nao walijua.

Akapiga simu maabara palepale. "Ondoeni mashine yetu, mrudishe ya zamani. Cheti nilichosaini si cha kweli."

Kaka yake alikuwa mlangoni. "Umenivua nguo mbele za watu."

"Na wewe ulinivika kilemba cha ukoka."

Jioni ile mama yao akapiga. "Mmenyonya ziwa moja, mwanangu. Yaishe."

"Yaishe vipi, mama? Hata samahani hajasema."

Mama akauliza kama amekula.

Kosa lenyewe alilipata baada ya majuma matatu. Pale saa inapohamisha kazi kutoka prosesa moja kwenda nyingine, palikuwa na makufuli mawili yaliyofungwa kinyumenyume, nje kabisa ya yale arobaini na moja. Safari hii mashine ilikwenda siku kumi na mbili, mapigo yakipanda kwa zote nne. Alishika simu kwa furaha, kidole kikabonyeza jina la kaka yake kwa mazoea. Akakata kabla haijaita.

Aliipeleka mashine maabara mwenyewe, akampa mtaalamu cheti kipya. Yule bwana alikisoma mstari kwa mstari, akaitazama saini kwa muda mrefu.

"Nionyeshe hayo mapigo yanaposomwa," alisema. "Nitakuwa ninahesabu mwenyewe kila asubuhi."

Kufuli akamwonyesha. Hakumlaumu.