Majani Yasiyo na Tundu

Makoye wa kijiji cha Didia alikuwa mtu wa maendeleo, na kama hukulijua hilo angekwambia mwenyewe. Mwaka ule wa sabini na nne, ushirika ulipogawa dawa ya pamba, yeye ndiye aliyetangulia kubeba bomba mgongoni. Pamba ikapuliziwa, dawa ikabaki, na mtu wa maendeleo hawezi kuona dawa imekaa bure. Akaigeukia bustani ya kunde.

Sababu alikuwa nayo. Kila Jumamosi ya masika alipakia majani ya kunde kwenye baiskeli akayapeleka Shinyanga mjini, na kila Jumamosi akina mama wa mjini waliyapekua huku wamekunja pua: hili limetoboka, hili lina kiwavi. Waungwana wale hawakutaka kula na wadudu sahani moja.

"Yaya, hapana, Baba Scolastika," mkewe Limi alimkataza. "Hiyo ni ya pamba. Pamba hailiwi."

"Nyamaza. Wewe unajua nini habari za dawa?"

Limi alijua jambo moja tu: kiwavi si mjinga. Jani lililomshinda kiwavi, yeye hakulitia chunguni. Alikuwa na kishamba chake nyuma ya kichuguu, akaapa kwamba bomba halitafika huko. Ajabu ni kwamba Makoye hakugomba. Kila jioni alikula kunde za kichuguuni, zilizotoboka kama chekeche, akaramba na vidole. Zile za bustanini, nyororo na zinazong'aa, akaziweka kwa ajili ya mjini. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Jumamosi ilipofika, mboga zile zilipapatikiwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakumwona Makoye akishuka kwenye baiskeli. Nyumba nne zilinunua kabla hajafika kwa Bhagwati, mke wa Lalji mwenye duka la vitambaa, mama wa kijana Jashvant. Nyumba ile haikula nyama kabisa. Mboga ndiyo ilikuwa nyama yao, na mwezi ule mke wa Jashvant alikuwa mjamzito wa miezi saba, kwa hiyo alilishwa majani asubuhi na jioni.

Bhagwati alifungua gunia. Akageuza jani moja, akageuza la pili, akalinusa.

"Zuri sana, Baba Scolastika. Halina hata tundu moja."

"Maendeleo, mama," alisema Makoye, kifua mbele.

"Basi leo hutaondoka bila kula. Kaa."

Akaingia jikoni na gunia. Makoye akakaa barazani akinywa chai ya tangawizi na kujipongeza. Baada ya muda Bhagwati akarudi na chapati na bakuli la majani yaliyopikwa na choroko, yakitoa mvuke. Mke wa Jashvant akaja na tumbo lake, akaketi.

"Karibu, mgeni aanze."

Ghafla Makoye akakumbuka kwamba tumbo lilimsumbua tangu jana. Kisha akakumbuka kwamba ukoo wao una mwiko wa kula kwa watu. Chai hakuitaja. Bhagwati akamtazama tu. Yule mkwe, ambaye hakuwa na mwiko wala tumbo bovu, akakata chapati, akachota majani, akayapeleka mdomoni.

"Usile!" Makoye alipiga ukelele, akalisukuma bakuli mpaka likamwagika mkekani.

Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Hayo ni mchicha wa uani kwangu," Bhagwati alisema taratibu. "Yako nimeyatupa shimoni. Baba yangu aliuza dawa ya pamba miaka kumi, naijua harufu yake. Mimi nilijua tangu nilipofungua gunia. Nilitaka kujua kama wewe unajua."

Maendeleo yote yakamkauka Makoye. Ndipo alipozikumbuka zile nyumba nne, na jua lilikuwa limeshafika utosini, saa ambayo kila mama yuko jikoni.

Hakuaga. Aliendesha baiskeli mpaka nyumba ya kwanza, kwa mwalimu Valerian mwenye watoto sita, akaitupa langoni magurudumu yakizunguka. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Muuzaji hodari wa Didia akasimama mlangoni, anahema, hana hata salamu.

"Mama," alisema, "nakuomba, hicho chungu kiipue. Mboga zangu ni sumu, na nilijua."