Ukurasa Mwepesi wa Trevor

Trevor ni askari wa mlangoni katika jengo moja kule The Pearl, na kabla ya kuja Doha alisomea kutengeneza tovuti. Ukurasa wowote uliokataa kuenea kwenye simu zetu ndogo aliupunguza: picha nje, maneno ya ziada nje, yakabaki maandishi makubwa. Tulimsifu sote, hata mimi ambaye kusifu watu kwangu ni kazi.

Tulioupenda zaidi ulikuwa ukurasa wa matangazo ya vifo vya nyumbani. Ule wa asili ulitengenezewa kompyuta, ukafunguka kwa mbinde. Wa Trevor ulifunguka papo hapo: jina la marehemu, kijiji cha mazishi, nafasi ya rambirambi, basi.

Emily, mwenzangu wa chumba, tunasafisha naye hoteli moja Al Sadd. Wiki kadhaa alikuwa akimpigia Mama Benard, jirani wa Eldoret aliyemlea tangu mama yake afariki, bila kumpata. Akimuuliza dada yake, leo ataambiwa Mama Benard yuko kanisani, kesho simu imeharibika. Alitaka kuisikia sauti yake tu, jamani.

Ijumaa moja tulipotoka ibadani, Trevor alitupatia simu yake tuone. Watu walikuwa wamelalamika, kwa hiyo amerudisha picha, ndogondogo. Emily akateremsha ukurasa, kisha kidole kikasimama.

"Huyu ni Mama Benard."

"Zii, huyo ni Rebecca Nasimiyu," Trevor akasema. "Alizikwa Chwele kitambo."

"Trevor, huyu ndiye amenilea!"

Na kweli, nani humwita mama wa watu Rebecca, au kumuuliza kwao atazikwa wapi? Chini ya tangazo palikuwa na rambirambi ya Emily mwenyewe: "Poleni wafiwa, Mungu awatie nguvu." Aliwaandikia wageni, kumbe mfiwa ni yeye. Nilitamani kumzaba Trevor kofi, lakini picha alizitoa ili kutusaidia. Hasira ikahamia nyumbani, kwa hao wanaotuficha misiba eti tumalize mkataba kwa amani.

Emily alimpigia dada yake palepale.

"Mama Benard yuko?"

"Ametoka kidogo, ameenda sokoni. Nimwambie nini?"

"Mwambie nimemsalimia." Akakata.

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba anajua.

"Nikisema najua," akanijibu, machozi yakimtoka, "kesho hakuna mtu ataniambia ameenda sokoni."