Kwaresima ya Paka

Mwenye mtoto mchanga na asikie haya. Zenebech alisema, akasema tena, mpaka midomo ikamkauka, na nyumba nzima ikamwona mkorofi.

Kwaresima ilipoingia, mama mkwe wake, Emama Yeshimebet, alisugua vyungu vyote kwa majivu mpaka harufu ya siagi ikatoka, akakifungia kisu cha nyama sandukuni. Hapo hapakuwa na ubaya, kila nyumba pale mlimani ilifanya hivyo. Ubaya ulianza alipomkamata paka, Dama, akamtia kamba shingoni na kumfunga kwenye mguu wa kitanda.

"Mama, kakosa nini?"

"Nimemkuta na panya mdomoni. Panya si nyama? Ndani ya nyumba yangu nyama haitaliwa mpaka Pasaka, hata kwenye kona."

"Lakini huyo ni paka, Mama!"

"Na mimi ni kikongwe, magoti yananiuma, na ninafunga. Yeye ni nani?"

Akamwekea kipande cha injera, mkate wao mwembamba wa unga uliochachuka, kilicholowa shiro, ule mchuzi wao wa unga wa dengu na vitunguu. Dama akanusa, akapiga chafya, akageukia ukuta. Kesho yake njaa ikamshinda, akala. Majirani walipokuja kunywa kahawa, Emama akawaonyesha: "Mnamwona? Huyu anafunga kuliko wanangu." Wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Zenebech hakucheka. Alimtazama binti yake Hiwot, amelala juu ya ngozi ya kondoo, huku panya wakikwaruza ndani ya ghala la udongo la nafaka, mlemle chumbani, mchana kweupe.

Dama naye akaanza kuisha. Manyoya yakasimama kama nyasi za kiangazi, akawa anatapika, miguu ya nyuma inayumba. Bwana mifugo alipokuja kuchanja kondoo, Zenebech akamwomba amtazame. Jioni akamweleza mumewe, Getaneh, kama alivyomwelewa bwana mifugo:

"Kondoo ana meno bapa ya kusaga, na tumbo kubwa, majani yanakaa humo yanachachuka mpaka yawe chakula. Paka meno yake ni mkasi, yanakata tu, na utumbo wake ni mfupi. Halafu kuna vitu ambavyo mwili wa kondoo hujitengenezea kutoka kwenye majani. Wa paka hauwezi, umezoea kuvipata tayari ndani ya nyama. Ukimnyima muda mrefu, macho yanaharibika, moyo unalegea. Na vile vitunguu vinamharibia damu!"

"Si umwambie Mama," alisema Getaneh, akivua buti.

"Nimemwambia mpaka nimechoka. Mwambie wewe, ni mama yako."

"Nigombane na mama yangu Kwaresima hii kwa ajili ya paka?"

"Kwa ajili ya panya! Kwa ajili ya mtoto!"

"Punguza sauti, atakusikia."

Zenebech akamfungua Dama mwenyewe. Emama akamfunga tena, kwa fundo la kubania mzigo wa punda. "Wewe na paka wako mtanitia dhambini."

Basi asubuhi moja Zenebech akiwa jikoni anapika injera, Hiwot akapiga yowe. Alipofika alikuta damu kwenye kidole cha mtoto, na mkia wa panya ukiingia nyuma ya ghala. Dama alikuwa palepale, amelala kando ya mguu wa kitanda. Hakuinua hata kichwa.

Wakamkimbiza mtoto zahanati, akaoshwa kidonda, akachomwa sindano. Padri wao, Abba Tsige, akaja kuwapa pole. Kabla ya kukaa akaiona kamba.

"Huyu naye kafanya nini?"

"Anafunga, Abba," Emama akajibu, kichwa juu.

Abba akacheka. Alipoziona mbavu za paka, akaacha. "Tunafunga kwa sababu ya dhambi zetu, Yeshimebet. Paka ana dhambi gani? Mfungue."

Emama akainuka papo hapo, na magoti yake yale yale yanayouma. "Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo, Abba."

Zenebech alilishika birika la kahawa bila kitambaa, akaungua, akaendelea kumimina.

Siku hiyo hiyo Getaneh, ambaye hakuweza kugombana kwa ajili ya paka, alikwenda bucha la Waislamu sokoni, kwa kuwa mabucha ya Wakristo yalikuwa yamefungwa, akarudi na mapafu ya mbuzi. Dama akala, akatapika, akala tena kidogo. Lakini alipotembea aligonga kigoda kwa pua.

Kesho yake Zenebech alikanda unga na mtoto mgongoni.

"Mlaze chini huyo, utavunjika kiuno," alisema Emama. "Si paka tumemfungua?"

Panya akapita sakafuni, karibu aguse masharubu ya Dama. Dama akageuza sikio moja tu.

Zenebech akakaza fundo la mbeleko, akaendelea kukanda.