Gari la Watu Wawili

Mtaani Mangobo, mtu akinunua gari, ameununulia ukoo mzima. Litabeba wagonjwa, magunia ya muhogo na kwaya ya parokia, na siku ya msiba hata jeneza litapenyezwa kati ya viti. Kwa hiyo siku Urbain alipoingia na gari lenye viti viwili tu, majirani walianza kucheka kabla hajazima injini.

"Papa Urbain!" akaita Aristide, jirani anayebeba abiria kwa baiskeli. "Famille yako iko watu kumi na mbili, na kiti ya kubeba iko moya. Wale wengine utabeba ku kichwa? Hata vélo yangu inabebaka watatu siku ya soko!"

Urbain naye akacheka. Gari halikuwa la zamani, ila lilikuwa limevishwa sura ya zamani: taa za mviringo kama macho ya samaki, vyuma vya kung'aa, usukani mwembamba wa ngozi, paa la turubai la kukunjwa kwa mkono. Chini ya sura hiyo injini ilikuwa mpya, haikohoi wala haivuji mafuta. Alipokuwa mtoto aliona gari la namna hiyo likipita kando ya mto, mume na mke ndani wakizungumza, na nyuma yao hakuna mtu. Miaka yote aliyopima mizigo ya wasafiri katika uwanja wa ndege wa Bangboka, hakuisahau picha ile. Alipostaafu, akiba yake yote iliishia hapo. Alitaka uso wa zamani na moyo usiougua. Nani asiyetaka?

Tena nyumba yake ilijaa wana, wake za wanawe, wajukuu na wapwa waliokuja kusoma chuo. Berthe, mkewe, alikuwa mama wa wote. Hakuweza kumaliza neno kabla mtu hajaja kuomba chumvi. Lakini Jumapili baada ya misa alikifuta kiti cha dereva kwa pindo la kitenge chake, kisha Urbain akaketi, wakashika barabara ya Bangboka. Huko njiani Berthe alikuwa Berthe. Alisimulia ndoto zake, akamsengenya padri kidogo, akatubu palepale, akaimba. Gari lilipoingia shimoni, bega lake liligonga bega la mumewe, wala hakuliondoa haraka.

"Hapa hakuna mutu wa tatu," alisema siku moja.

"Iko Mungu," Urbain akajibu.

"Mungu haombake kiti."

Walicheka mpaka Urbain akakosa njia.

Kisha asubuhi moja sufuria ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, ikamponyoka Berthe mkononi, naye akaanguka juu yake. Daktari alisema ni damu iliyomwagika kichwani. Upande wa kulia ulikufa, na sauti ikaenda nao. Urbain alifunga, akasali novena, akamkumbusha Mungu habari za Lazaro kana kwamba Mungu amesahau. Hakuna kilichobadilika. Ila jioni, walipombeba na kumketisha garini hapo uani, mkono wake wa kushoto uliamka. Ulitafuta pindo la kitenge, ukakifuta kiti cha dereva polepole, kisha ukatulia. Ndipo Urbain aliingia, wakakaa. Hawakwenda popote. Kwake ilikuwa kama wamefika.

Lakini wake za wanawe walichoka kumgeuza mgonjwa kitandani, na mgongo wa Urbain ulikuwa wa mzee. Ndipo akafanya kosa lake: alipiga simu Isangi, kwao Berthe, kuomba mtu wa kumsaidia kuuguza. Wakapanda mto wawili kwa baleinière, zile mashua kubwa za mbao: Ursule, dada mkubwa wa Berthe, na mdogo wao Jérémie, dereva wa lori. Hawakuja kuuguza. Walikuja kuchukua.

Ursule hakugusa lituma, ndizi za kuponda, aliyoandaliwa.

"Bokilo," alimwambia Urbain, kama mtu anavyomwita mkwe wake, "umemuchunga muzuri, hatuna palabre wala ugomvi na wewe. Lakini kwetu, mugonjwa asiyeweza kusema anarudi pale jina yake iliitwa mara ya kwanza. Donc, kesho anarudi."

"Nitamupeleka mimi mwenyewe. Nitakaa naye kule."

"Apana! Mume akimurudisha bibi kwao na mukono yake, ni kufukuza. Unataka watu waseme umemufukuza Berthe? Hutagusa usukani, hutafika ku port. Ukifika, hata siku ya kumuzika hatutakuita. Akipona, tutamurudisha sisi wenyewe."

Akipona. Hakuna mtu sebuleni aliyeliamini neno hilo, hata Ursule aliyelisema.

Wakaenda kumwuliza Berthe. Aliposikia Isangi, machozi yalimtoka. Ursule akasema ni furaha. Urbain alijua si furaha, lakini angethibitishaje?

Wiki hiyo petroli ilikuwa imeadimika mjini, na taksi zilikuwa zimelala. Juu ya pikipiki Berthe asingeweza kukaa. Asubuhi Ursule akaangaza uani.

"Bon. Tutatumia ile ya kwako. Leta funguo, Jérémie ataendesha."

Urbain alivitazama viti, akahesabu tena kama mtu asiyejua hesabu. Jérémie. Berthe.

Alimbeba mwenyewe, akamfunga mkanda, akamtengeneza kitenge magotini. Mkono wa kushoto ukaamka. Ulikifuta kiti cha dereva, polepole, mpaka kikawa safi. Kisha Berthe akamwinulia mumewe macho, akamngoja.

Jérémie akaketi.

Ursule alifuata kwa baiskeli ya Aristide, na Aristide siku hiyo hakuwa na mzaha hata mmoja.

Urbain alibaki langoni. Rozari yake ilikuwa imening'inia kwenye kioo cha gari, imekwenda nao. Akasali bila rozari: Baba Yetu, jina lako, ufalme wako. Alipofika kwenye mapenzi yako, ulimi ulikataa. Akaanza upya. Ulikataa tena palepale.

Mchana Jérémie alilirudisha gari, akiwa na haraka ya kuwahi mashua.

"Bokilo, gari iko muzuri," alisema, lakini hakuondoka. "Mule ndani hakuna pahali pa kukimbiza macho. Njia yote Yaya, dada yangu, aliniangalia. Na ile mukono... alikuwa anaiingiza hapa, kati ya mugongo yangu na kiti, anafuta, anafuta. Kama anataka nitoke."

Jérémie aliweka funguo juu ya boneti, akaenda.

Kutoka upande wa mto honi ya mashua ikalia. Urbain alifungua mlango wa kulia, akaketi mahali pa Berthe. Mkanda ulikuwa bado umerefushwa kwa kipimo cha mwili wake. Kwa pindo la shati, kwa mkono wa kushoto, alikifuta kiti cha dereva.

"Bwana," alisema, "najua hauombake. Lakini kiti iko."

Akangoja. Mvua ikaanza kupiga turubai.