Kikombe cha Nusu

Nesi alikuwa amemaliza swali la nne, na mpaka hapo kila jibu la mume wangu lilikuwa hapana.

Nilikaa kando yake kwenye benchi, mikono ndani ya khanga, nikiitazama karatasi kutoka upande wa pili wa meza. Kusoma nasoma polepole. Shule niliiachia darasa la tano kule Mbuchi, mwaka ambao mtumbwi wa kutuvusha ulioza na hakuna aliyeutengeneza. Lakini sifuri naijua hata ikipinduliwa. Zilikuwa nne, zimejipanga kama mayai.

"Umewahi kujaribu kuacha pombe ukashindwa?" akauliza nesi Siti.

Ridhiwani akatabasamu. Swali hilo alikuwa akilisubiri. "Nesi, mimi Muislamu. Ramadhani nzima sigusi. Aliyeshikwa na pombe anaweza hivyo?"

Nesi akanigeukia. "Ni kweli, mama?"

"Huyo haongei mbele za watu," Ridhiwani akasema kwa upole. "Ukimuuliza jina leo, atakujibu kesho."

Nesi akacheka. Na mimi nikacheka, nikainama. Kalamu ikasogea kuandika sifuri ya tano.

Miezi miwili nyuma, saa tatu asubuhi, Ridhiwani alimpakia abiria, Bi Mwajabu, kwenye bodaboda yake kumpeleka kwao Mtunda. Kwenye kona wakaingia kwenye mkorosho, na mguu wa Bi Mwajabu ukavunjika mahali pawili. Mume wangu alikuwa ametafuna karafuu kuua harufu, kama kila siku, lakini kipimo cha trafiki hakijali karafuu. Hakimu akampa kifungo cha nje. Leseni ikazuiwa, akaamriwa apimwe hospitali, na ikionekana pombe imemshika, atibiwe. Kijiweni wenzake wakamtania: "Ridhi, unaanza kliniki? Mimba ya miezi mingapi?" Akacheka nao.

Karatasi ile ilitakiwa mahakamani Ijumaa. Ikisema hana tatizo, leseni ingerudi. Na Jumatatu Sabra wetu, mwenye miaka sita, angepanda mbele ya baba yake juu ya tangi la mafuta, kwenda shule. Alipapenda sana pale mbele.

Nikaitazama kalamu, nikakumbuka uji.

Ramadhani saba nilizokaa na Ridhiwani, siku tatu za mwanzo za kila moja mikono yake ilitetemeka wakati wa futari. Shuka lililowa jasho, chakula hakikupita. Mama mkwe alikuwa akiwaita majirani waone. "Tazameni swaumu ilivyomkaa mwanangu." Mzee Mshamu, mmoja wao, alisema vijana wa siku hizi hawafungi namna ile. Mimi nilimjazia kikombe nusu ili asimwagikiwe, nikakishikilia kwa chini mpaka amalize. Nilimwonea fahari. Siku ya nne mikono ilitulia, tukamshukuru Mungu, na Idi pili akarudi kwa mgema wake wa tembo la mnazi.

Kisha ikaja ile ajali. Akalala mahabusu siku tatu, nikampelekea uji. Haukuwa mwezi wa kufunga, wala hakuwa amefunga. Kikombe kikatetemeka vilevile mpaka uji ukamchuruzika kwenye kiwiko, na mimi, bila kufikiri, nikapitisha mkono wangu chini yake.

"Ramadhani kikombe namshikia mimi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Nilidhani hawakusikia, ila kalamu ilikuwa imesimama.

"Unamshikia vipi, mama?"

"Mikono inamtetemeka. Siku tatu. Tulidhani ni swaumu."

"Mama Sabra," Ridhiwani akasema. Basi, jina hilo tu. Goti lake lililokuwa likigusa langu likaondoka.

Nikaendelea, macho chini: jasho, shuka, uji wa mahabusu. Nilihisi namvua nguo mbele ya mwanamke asiyemjua. Nilipomaliza nesi akaweka kalamu chini.

"Siku hizo tatu, kaka, ungeweza kuanguka kifafa ukafa," akamwambia. "Usije ukaacha ghafla peke yako tena. Ukiacha, unaachia mikononi mwetu, na dawa zipo." Akavuta karatasi mpya. "Tuanze upya. Swali la kwanza. Huwa unakunywa asubuhi?"

Ridhiwani akaitazama ile karatasi mpya. Kisha akajibu, "Kila siku."

Hakusema na mimi kwa siku kumi na moja. Mama mkwe alisema nimemzika mwanawe akiwa hai. Leseni ilibaki ilipokuwa. Sabra alikwenda shule kwa miguu, akilalamika njia nzima, na mimi nikimsikiliza kama anayesikiliza kaswida. Wiki ya kwanza Ridhiwani alilazwa, na kila Alhamisi baada ya hapo alikwenda kliniki. Alhamisi mbili hakufika; nilijua alikokuwa, na nesi nilimwambia mwenyewe.

Ramadhani ikaingia tena. Siku ya kwanza, adhana ya magharibi ilipolia, nilimpakulia uji kama nilivyozoea, nusu, nikanyoosha mkono kukishikilia.

Akakitazama kikombe. "Mbona hujajaza?"

Nikakijaza mpaka ukingoni. Akakipokea. Tende yangu ilikuwa bado mkononi, sijafungua swaumu. Nilikuwa nautazama uji juu kabisa, pale unapogusana na ukingo, nione kama utatikisika.