Petroli ya Mtu Mmoja

Hakuna gari linaloweza kunidanganya kwa mlio. Nimeshona viti vya magari katika gereji ya mwanangu miaka kumi na minane, na hata nikifumba macho nitakuambia injini inaumwa wapi. Sasa nisikuongopee: mwezi uliopita nilisikia mkwaruzo, nikawaamuru mafundi wawili wafungue boneti, wakahangaika nusu saa nzima, kumbe ni cherehani yangu mwenyewe ilikuwa inalilia mafuta.

Lakini mlio wa Jumanne ile nilikuwa na hakika nao.

Mkwe wangu alikuwa na mimba ya miezi minane na ushee. Ile ya kwanza tuliipoteza njiani, gari lilipochemka katikati ya mlima wa kwenda hospitali. Mwanangu alikimbia huku na huko kutafuta maji, mkewe akilia juu ya kiti nilichokishona mimi. Safari hii daktari alisema uchungu ukianza tu waondoke, wasingoje. Ndiyo maana mwanangu alijifungia siku nne na gari lile, akalifunga tabo, lile dude la kuisukumia injini hewa nyingi ili ipate nguvu. Mimi ni mtu wa kucheka hata matangani, ila siku hizo nne nilishona kimya.

Ikabaki kompyuta, ile ya ndani ya gari inayoipimia injini petroli. Wa kuipanga upya alikuwa mmoja tu, Binti wa Kompyuta. Alijifunza kazi kwetu, wakagombana na mwanangu, akahamia chumba cha ng'ambo ya barabara.

"Injini ni chuma, mama," mwanangu aliniambia. "Chuma nakijua mimi. Yule anajua kubonyeza vitufe."

Mkewe alipomuuliza alijibu bila kupepesa: "Nilimpelekea Jumamosi. Kamaliza." Maskini, mkwe wangu akashusha pumzi, akapanga nguo za mtoto kwenye begi, akaliweka kwenye buti.

Jumanne asubuhi mwanangu akanichukua tukalijaribu mlimani. Lo, lilipanda! Nilishika kofia ya kitambaa kichwani kama bibi harusi aliyetoroshwa. Lakini tulipofika kwenye kona ya pili nikasikia mlio kama wa vikokoto vinavyogongana ndani ya mkebe.

"Nini hicho?"

"Barabara mbovu, mama."

Barabara ilikuwa lami mpya, hata mistari haijachorwa.

Tuliporudi nilivuka ng'ambo. Binti wa Kompyuta akanifutia kiti.

"Hivi mjukuu wangu, mtu akiongeza vitu kwenye injini ni lazima muichokonoe na kompyuta?"

"Inategemea, bibi. Akibadilisha chujio la hewa, hapana, gari litembee tu. Lakini tabo ni lazima. Ni kama umepikia mtu mmoja, wakaingia wanane. Hewa imezidi, kompyuta bado inagawa petroli ya mtu mmoja. Moto unakuwa mkali, injini inagonga, mwisho pistoni inatoboka."

"Inatobokea wapi?"

"Haitobokei gereji, bibi. Inatobokea mlimani, ikiwa imeelemewa."

Ucheshi ukaniishia. "Mwanangu hakuja kwako Jumamosi?"

"Tangu nihame hajavuka barabara hii hata kwa bahati mbaya. Lakini mwambie aje, bibi. Saa tatu tu za kazi. Sitamsema neno."

Nikarudi nikiburuta miguu. Nikisema binti amekana, mwanangu atajibu yule ana kinyongo, na mkewe atamwamini mumewe, kama ilivyo haki yake. Kisha siku itafika, atapanda gari lile.

Alasiri tulikaa mezani, chai mbele yetu. Mkwe wangu alikuwa amejishika kiuno.

"Kinanivuta tangu mchana," alisema. "Labda si kitu."

Mwanangu akainuka nusu. "Gari lipo tayari, mke wangu. Mlima ule sasa ni mchezo."

Nikakoroga chai yangu taratibu.

"Nilitaka kusahau," nikasema. "Nimeonana na Binti wa Kompyuta. Anaulizia waya wake. Eti Jumamosi alipomaliza kazi aliuacha chini ya usukani. Mwekundu."

"Ah, ule!" mwanangu akasema, haraka kama mtu aliyerushiwa kamba majini. "Nimeuona. Nitampelekea kesho."

"Anasema ana nyaya nyingi. Huo ulikuwa na urefu gani?"

Akaweka kikombe chini, akatanua mikono akatuonyesha. "Kama hivi."

"Hakuna waya, mwanangu. Nimeutunga nikiwa navuka barabara."

Mikono yake ikabaki imetanuka juu ya meza, na mkewe akaitazama.