Mtoto Aliyekaa Ndani ya Kompyuta

Mapigano yalipousogelea mji wa Kismayo mwaka 2012, chuo cha udaktari kilifungwa, na Daktari Nasrudin akaamua kuhamishia Kenya kitu alichokipenda kuliko vyote: tumbo la mja mzito. Lilikuwa la mpira, halina kichwa wala miguu, na wanafunzi wake walijifunzia ultrasaundi juu yake. Aliyekubali kufuatana naye ni Kulthumu peke yake, mzaliwa wa kisiwa cha Koyama, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ambaye alikuwa amelipima tumbo hilo mara mia na hajawahi kumgusa mgonjwa aliye hai.

Boti yao ilipotia nanga Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya, daktari alikuwa hoi kwa kutapika, amelala chali mchangani. Kwa hiyo mlinzi mwenye bunduki alipoufunua mzigo wao, aliyebaki wa kujibu ni Kulthumu.

"Wallahi mmekata mtu!" mlinzi alipiga kelele, akaruka nyuma.

"Si mtu, kaka. Ni mpira wa kusomea."

"Mpira wenye kitovu?"

Kulthumu aliona maneno hayatamwokoa. Akawasha kompyuta iliyounganishwa na tumbo hilo, akakipitisha kichwa cha mashine, kile cha kupimia, juu ya mpira. Kwenye kioo akatokea mtoto anapunga mkono, moyo unadunda. Mlinzi, Abdulrazaq jina lake, akaiweka bunduki chini, akachuchumaa, machozi yakamlengalenga. Kisha akatoka mbio, na aliporudi alikuwa amemshika mkono mkewe, Zakia, mwenye mimba ya miezi minane.

"Mtazame na wangu."

Mashine ile haikuona chochote. Ilionyesha picha ilizowekewa tu. Hata angeipitisha juu ya boga, mtoto yuleyule angepunga mkono. Uongo mdogo ungewavusha salama. Akamgeukia daktari; daktari akafumba macho, akajifanya maiti.

"Dada, nisikufiche," alisema. "Mtoto huyu hayumo tumboni mwa mtu. Yumo ndani ya kompyuta."

"Nani kamfungia humo?" Abdulrazaq akafoka.

Zakia, Mbajuni wa hapohapo, alicheka mpaka akaketi. "Mume wangu, unamlilia asiye mchu!" alisema, yaani asiye mtu, kwa Kibajuni chake. Akamgeukia Kulthumu. "Basi nipime kwa mikono. Au wajua mpira tu?"

Wakaingia nyumba ya jirani. Kulthumu, kwa mazoea yake, akaenda moja kwa moja tumboni.

"Huko chuoni hamfundishwi salamu?"

Akaomba radhi, akamwamkia, akaanza upya. Chini alipapasa kitu laini. Akapandisha mikono hadi chini ya mbavu, na hapo akakutana na kichwa, kigumu, cha mviringo, kikamsukuma. Akashtuka kama aliyeguswa begani.

"Amekaa kitako," alisema. "Usizalie hapa. Wataka hospitali yenye upasuaji."

Daktari akafufuka, akaja, akapapasa. "Ni kweli," akasema. Sifa kubwa kuliko hiyo hakuwahi kumpa mwanafunzi.

Lakini Zakia alipotaka kupanda nao, boti ilikuwa imejaa, na nahodha akataka mzigo mmoja ushushwe. Daktari akalikumbatia tumbo lake la mpira. Abdulrazaq akamkazia macho. Daktari akaliachia.

Siku kumi na mbili baadaye, upande wa Kenya, Zakia alipasuliwa, akapata mtoto wa kike mwenye kelele. Kulthumu ndiye aliyekabidhiwa amfute. Mtoto akamkojolea, naye akasimama palepale, gauni limelowa, akicheka na kulia kwa pamoja.